Ukichuliwa mpaka ulie, umeumizwa

Msomaji wa Tanga ameandika kuwa mgongo unamuuma tangu aanze kazi ya cherehani. Akaenda kuchuliwa, akakandamizwa kwa kiwiko mpaka machozi yakamtoka, na kesho yake akashindwa kuinua mkono. Alipolalamika, aliambiwa avumilie, hiyo ni sumu inatoka.

Hakuna sumu iliyotoka. Takataka za mwili ni kazi ya ini na figo, na kiganja cha mtu hakiwezi kuzikamua kwenye nyama. Misuli ikiumizwa hujikaza ili kujilinda, kwa hiyo anayebonyeza kwa nguvu anapigana na misuli anayotaka kuilegeza. Akizidisha sana, nyuzi za misuli hupasuka. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi baada ya masaji, usingoje: misuli iliyopondeka inamwaga protini kwenye damu, na figo zinaweza kufeli.

Faida za kuchua ni za kweli, hazihitaji kupambwa. Mguso wa polepole hutuliza mishipa ya fahamu, mapigo ya moyo hupungua, misuli hulegea na usingizi huja kwa urahisi. Mwaka 2017 American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, kiliiweka masaji, pamoja na joto, miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya vidonge kwa maumivu mapya ya kiuno. Wachezaji huchuliwa baada ya mechi kwa sababu hupunguza maumivu ya siku mbili tatu zinazofuata. Ila nafuu hiyo ni ya muda. Masaji haiponyi diski ya uti wa mgongo iliyoharibika, na anayetumia dawa za presha asiziache kwa sababu amejisikia mwepesi baada ya kuchuliwa.

Sasa kazi yenyewe. Mlaze mtu kifudifudi juu ya mkeka wenye blanketi lililokunjwa mara mbili. Godoro laini humeza nguvu zako zote. Weka taulo lililoviringishwa chini ya paji la uso ili shingo isipinde, na mto chini ya vifundo vya miguu ili kiuno kilegee. Mgongo mzima unatosheka na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta. Mimina kwenye viganja vyako, yasugue yapate joto, ndipo umguse.

Dakika tano za kwanza ni za kupapasa tu. Viganja bapa vinapanda kutoka kiunoni hadi mabegani, vinashuka kwa pembeni, polepole, bila kukatisha mguso. Wengi hukimbilia vifundo vya misuli iliyokaza na kuiruka hatua hii, na hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu misuli haijapata muda wa kukuzoea. Kisha finyanga mabega na nyama za pembeni kama unayekanda unga wa chapati: shika, inua, kamua, achia. Ukikuta kifundo kigumu, mara nyingi kati ya bega na shingo, kibonyeze kwa kidole gumba huku kingine kikiwa juu yake, sekunde 60 hadi 90, bila kusugua. Muulize maumivu ni mangapi kati ya kumi. Yakifika saba, punguza. Akibana pumzi au kukunja vidole vya miguu, punguza hata kama anasema endelea. Nguvu itoke kwenye uzito wa mwili wako, viwiko vikiwa vimenyooka, la sivyo vidole gumba vyako ndivyo vitakavyougua.

Usibonyeze mfupa wa uti wa mgongo; kaa vidole viwili pembeni yake. Chini ya mbavu, zilipo figo, pita kwa wepesi. Mbele ya shingo na nyuma ya goti pana mishipa mikubwa ya damu, usibonyeze kabisa. Nusu saa inatosha, mara moja kwa wiki.

Mafuta ya nazi yanafaa sana, ila chini ya nyuzi joto 24 huganda, hivyo Mbeya au Njombe mwezi wa Julai tumbukiza chupa kwenye maji ya moto kwanza. Mafuta ya karafuu au ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kutoka Pemba yasipakwe yalivyo, yanaunguza ngozi. Matone mawili ndani ya vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya nazi yanatosha, na uyajaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono.

Aliyeteguka leo hachuliwi leo. Siku mbili tatu za kwanza ni za kupumzisha mguu, kuuinua, kuufunga bandeji na kuuweka baridi. Maji ya moto na kuvuta huongeza uvimbe, na kama mfupa umevunjika unausogeza. Tumbo la mjamzito lisichuliwe wala kusukumwa ili kumgeuza mtoto: kondo linaweza kuachia na mama akatokwa damu hadi kufa. Maumivu ya mgongo yanayokuja na homa za jioni, kukonda, ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo ni ya hospitali. Kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo, na huko hakuna mchuaji atakayekitoa.

Mwisho, mguu mmoja uliovimba, wenye joto na unaouma kwenye shavu la mguu, hasa baada ya kujifungua, upasuaji au safari ndefu ya basi, usiuguse. Huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuusugua kunaweza kulifyatua donge likaenda mapafuni. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.