Kukausha mimea adimu ya milimani: maswali yenu

Nikibana mimea kwenye magazeti, siku ya tatu majani ni meusi na yameota ukungu. Nakosea wapi? (Tukuyu)

Unyevu hauna pa kutokea. Siku tatu za mwanzo badilisha magazeti kila siku; masika, asubuhi na jioni. Kati ya sampuli na sampuli weka katoni yenye mifereji, yote ielekee upande mmoja, ili joto la nyuzi 40 hadi 50 lipite. Moto ukizidi, jani linaiva badala ya kukauka, kisha linavunjika likiguswa. Igusishe sampuli shavuni: ikiwa ya baridi, bado. Ukiwa msituni bila jiko, funga mafungu ya magazeti, tia kwenye mfuko mzito wa plastiki, lowesha kwa spiriti ya asilimia 70, kaza mdomo. Itakaa wiki kadhaa bila kuoza. Rangi zitapotea, kwa hiyo ziandike kabla.

Ua la impatiensi likikauka halitambuliki tena. (Mufindi)

Ni maji matupu lile. Chuma mawili ya ziada: moja lichambue, tandaza kila kipande kwenye karatasi laini, usifunue mpaka kikauke. La pili liweke zima kwenye kichupa cha spiriti, maana urefu na mkunjo wa kile kimkia cha nyuma ndivyo vinavyotenganisha spishi. Tumbukiza humo namba ya sampuli kwa penseli; wino huyeyuka.

Kitulo nimeona okidi moja nisiyoijua. Niing'oe?

Usithubutu. Ile ni hifadhi ya taifa, na bila kibali hata jani huchukui. Hata ukiwa nacho, penye mashina yasiyofika 20 acha kiazi ardhini. Viazi vya chikanda, yaani vya okidi vinavyopikwa kuwa chakula, vimeshachimbwa vya kutosha. Piga picha: ua mbele na ubavuni, jani, mmea mzima kando ya rula.

Mnataka kila mmea ukaushwe nakala tatu. Za nini?

Adolf Stolz, mmisionari wa Kyimbila, alikusanya mimea ya Rungwe mwanzoni mwa karne iliyopita. Okidi za jenasi Stolzia zina jina lake. Machi 1943 hebaria (hazina ya mimea iliyokaushwa) ya Berlin iliungua kwa mabomu, na kilichoteketea humo leo tunakitafuta kwenye nakala zilizokuwa zimepelekwa kwingine. Zako peleka moja Hebaria ya Taifa, Arusha, moja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, moja kwa mtaalamu wa kundi hilo. Kwenye lebo "Rungwe" tupu haisaidii: andika upande wa mlima, mwinuko, vipimo vya GPS, mti uliobeba mmea, tarehe. Vipimo hivyo vibaki kwenye lebo, usiviposti.