Aliyeteleza Vizuri, Kisha Akateleza

Mwalimu mmoja wa Kiswahili mjini Kisumu ameniandikia kuhusu insha ya mwanafunzi wake, aliyetazama kwenye runinga mashindano ya kuteleza kwenye barafu. Mwanafunzi ameandika: "Dada yule aliteleza vizuri sana, watu wakampigia makofi, kisha akateleza." Mwalimu aliipigia sentensi hiyo mstari mwekundu, halafu akasita, kwa kuwa hakuweza kulitaja kosa. Anauliza kama kitenzi kimoja kinaweza kubeba maana zote mbili, na kama jambo lenyewe tuliite mchezo au sanaa.

Kosa la sarufi halipo. Kinachosumbua ni kwamba kuteleza, kwa mazoea yetu, ni jambo lisilokusudiwa: anayepita kwenye tope jeusi la uwanda wa Kano baada ya mvua hatelezi kwa kupenda kwake, na hata njia yenyewe twasema inateleza. Maana ya mtu anayevaa viatu vyenye makali ya chuma, akajisukuma kwa hiari yake huku akizihesabu hatua, ni ngeni kwetu, na imelikuta neno likiwa na mwenyewe. Dawa yake ni kuiachia maana hii ngeni kitenzi hicho, na ajali tuitaje kwa matokeo yake: "Aliteleza kwa ustadi, watu wakampigia makofi, kisha akapoteza mizani, akaanguka." Msomaji sasa anakiona kile alichokiona mwamuzi, ambaye kwa anguko la kwanza humkata mchezaji alama 1.

Wapo wanaopendekeza kuserereka. Nalipenda neno hilo, ila linamchora mtu anayechukuliwa na mteremko, kama watoto wanaoshuka kilima wameketi juu ya kipande cha katoni, ilhali barafu ya mashindano ni tambarare na mwendo wote hutoka mguuni. Ningeliweka kwa ajili ya theluji ya milimani, alikoshindana Sabrina Simader kwa niaba ya Kenya katika Olimpiki ya mwaka 2018. Wengine wanataka tukope, tuseme "kusketi". Hao nawakumbusha kwamba sketi kwetu ni vazi, na katika mchezo ambao wanawake wengi huvaa sketi fupi, sentensi "sketi yake ilipendeza" itamwacha msomaji njia panda.

Ugumu zaidi uko katika jina la tawi hili lenye miruko na mizunguko. Jina linalojileta haraka ulimini ni "densi ya barafuni", nalo si sahihi, kwa kuwa densi ya barafuni ni shindano jingine lililoingia Olimpiki mwaka 1976, la mwanamume na mwanamke wanaokwenda pamoja, ambamo miruko mikubwa ya kuzunguka hewani hairuhusiwi. Jina la kimataifa, yaani "figure skating" kwa Kiingereza, kwa upande wake, limetokana na maumbo. Zamani mtelezaji alichora barafuni, kwa makali ya kiatu chake, michoro kama tarakimu ya nane, nao waamuzi wakainama kuikagua mistari. Sehemu hiyo iliondolewa katika mashindano ya kimataifa mwaka 1990, kwa hiyo tukiuita mchezo huu "wa maumbo" tutakuwa tunakipa jina kitu kilichokwisha kuondoka. Mimi huandika "kuteleza kwa madoido". Madoido ni nakshi inayoongezwa juu ya kazi ambayo tayari imesimama, na ndivyo ilivyo hapa, kwani ruko hutangulia kuwa ruko kabla ya mikono kulipamba. Nimekwepa mbwembwe kwa sababu neno hilo lina harufu ya majivuno.

Sasa mchezo au sanaa. Swali hili lina uzito mkubwa katika lugha ambazo kucheza mpira na kucheza ngoma ni vitenzi viwili mbalimbali. Sisi twacheza mpira, twacheza ngoma ya isukuti, na jukwaani tuna mchezo wa kuigiza. Kitenzi chetu hakijawahi kuombwa kuchagua. Waamuzi wa barafuni nao hawakuchagua. Mwaka 1984, katika densi ya barafuni ya Olimpiki huko Sarajevo, Waingereza Jayne Torvill na Christopher Dean waliteleza kwa muziki wa "Boléro" wa Ravel, na waamuzi wote 9 wakawapa 6.0, alama ya juu kabisa ya wakati huo, kwa upande wa mvuto wa kisanaa, huku ufundi wao ukipewa alama zake peke yake. Mfumo ulibadilika baadaye, lakini mpaka leo kila ruko lina thamani yake, na kando yake hupimwa mpangilio, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza. Mwalimu aliyewahi kupeleka kikundi cha isukuti kwenye tamasha la muziki anaujua utaratibu huo: mwamuzi ameketi na karatasi yake, anatoa alama kwa hatua, kwa maleba na kwa uhai wa uchezaji, wala hakuna anayelalamika kwamba ngoma imegeuzwa riadha.

Kwa hiyo andika mchezo bila wasiwasi, na ukihitaji kutofautisha, sema mchezo wa kisanaa. Usiandike usanii, maana mitaani neno hilo siku hizi limeelekea kwenye ujanja na ulaghai, na dada yule hakumlaghai mtu. Mwanafunzi mrejeshee alama ya sarufi. Ile ya mtindo baki nayo.