Re: Ripozitori ya ndani iliyo kwenye .gitignore, Git inaifanyia nini?

Mkuu, umeuliza kama ripozitori (folda ambayo Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi, inaifuatilia) iliyo ndani ya nyingine iko salama ukishaiandika kwenye .gitignore, faili la kuiambia Git ipuuze nini. Jaribu kwenye folda ya majaribio, usiguse kazi yako. Piga `git init` nje (inaunda ripozitori), kisha `git init` nyingine ndani ya `maktaba/`, na ufanye komiti humo, yaani uhifadhi toleo la kazi (bila komiti, `git add -f` itagoma). Andika `maktaba/` kwenye .gitignore ya nje.

`git status` haitaitaja `maktaba/`, na `git check-ignore -v maktaba` itakuonyesha mstari unaoizuia. Ukilazimisha kwa `git add -f maktaba`, inaingia kwenye ripozitori ya nje, ila si mafaili yake: `git ls-files -s` inatoa mstari mmoja wenye 160000, yaani kiungo cha komiti tu. Tangu hapo .gitignore haina kauli juu yake, mpaka uitoe kwa `git rm --cached maktaba`.

Hatari yenyewe ni `git clean`, amri ya kufuta vitu ambavyo Git haivifuatilii. Kwa `-fdx` (f ni lazimisha, d ni folda, x ni hata vilivyopuuzwa) Git inairuka ripozitori ya ndani. Kwa `-ffdx`, f mbili, inafuta yote, pamoja na komiti ambazo hujazisukuma (hujazituma) kwenye ripozitori nyingine popote. Herufi moja tu, jamani! Tanguliza `git clean -ffdxn` uone orodha kabla hakijafutwa kitu.