Breki kuvuta kushoto na tairi za nyuma kufunga kwenye gari lililoshushwa

Mkuu, nimekusoma. Station wagon ya zamani isiyo na ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisifunge), diski mbele, drami nyuma, springi zimekatwa zote nne. Tangu hapo ukikanyaga breki kwa nguvu gari linavuta kushoto, tairi za nyuma zinafunga na mkia unataka kupita mbele. Fundi kabadilisha pedi, tatizo liko palepale. Mimi niko Dodoma, nina Hilux ya zamani iliyoshushwa, na ilinisumbua hivyohivyo, ndiyo maana najibu kwa urefu.

Tenganisha mambo mawili. Kuvuta maana yake kushoto na kulia hakulingani. Kufunga nyuma maana yake mbele na nyuma hakulingani, au kuna tairi moja ya nyuma yenye shida zake. Ukiyachukulia kama ugonjwa mmoja utanunua vipuri mpaka mfuko utoboke.

Naanza na nyuma kwa sababu huko ndiko kuna kifo. Tairi za mbele zikifunga, gari halikati kona lakini linaendelea kunyooka. Za nyuma zikifunga, zinapoteza mshiko wa pembeni na gari linageuka lenyewe. Wakati wa kiangazi huku kwetu upepo unaleta mchanga juu ya lami, na hapo hata breki ya kawaida inatosha kukuzungusha. Naomba usipakie familia kwenda nayo Gairo kabla hujamaliza hili.

Tafuta barabara ya vumbi iliyonyooka, tambarare, isiyo na watu wala magari. Nenda mwendo mdogo, kilomita 30 kwa saa hivi, kanyaga, kisha shuka uangalie michirizi. Je, ni ya tairi zote mbili za nyuma au moja?

Kama ni moja, fungua drami ya upande huo. Oili sili ya ekseli ikivuja au wilisilinda (silinda ndogo inayosukuma lainingi) ikitoa mafuta, lainingi, yaani vipande vinavyosugua drami, zinalowa, na lainingi iliyolowa mara nyingi inang'ata ghafla badala ya kuteleza kama watu wanavyodhani. Utaiona: nyeusi, inang'aa, vumbi limeshikana nayo kama ugali wa mtama, na ukiinusa unajua kama ni oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) au mafuta ya breki. Usiisugue kwa msasa na petroli ukairudisha. Ziba mvujo kwanza, halafu weka lainingi mpya pande zote mbili. Angalia pia waya wa hendibreki. Kwenye magari mengine kushuka kwa bodi kunabadilisha mkao wa waya, ukawa umekaza muda wote hata kama hujavuta.

Kama zinafunga zote mbili pamoja, lala chini ya gari utazame karibu na ekseli ya nyuma. Pikapu nyingi, vani na baadhi ya station wagon za kubebea mizigo zina valvu iliyofungwa kwenye bodi, na kutoka kwayo kuna fimbo au springi inayoshuka hadi kwenye ekseli. Vitabu vya Toyota vinaiita LSPV, yaani valvu ya kugawa presha ya breki kufuata mzigo. Kazi yake ni kupima mzigo: bodi ikikaribia ekseli inajua umepakia, inaruhusu presha zaidi kwenda nyuma. Bodi ikiwa juu, inapunguza. Sasa wewe umeshusha bodi ukiwa mtupu. Valvu inaamini umebeba magunia ya mahindi ya Kibaigwa, inapeleka presha ya mzigo kwenye tairi ambazo hazina uzito wowote juu yake. Lazima zifunge.

Kwenye Hilux yangu ndicho kilichokuwepo. Fimbo ilikuwa imesukumwa juu kabisa, hadi mkono wa valvu umegota. Dawa ilikuwa kurekebisha kiungo chenye nati pale chini hadi fimbo irudi kwenye pembe yake ya gari tupu, kisha kutoa upepo kwenye mfumo wote. Fundi mmoja alikuwa ameshauri tuitoe valvu na kuunga paipu moja kwa moja. Mkuu, ukisikia hivyo ondoka na gari lako. Ukiitoa, nyuma inapata presha yote siku zote. Kipimo sahihi ni geji mbili za presha, moja mbele na moja nyuma, ukilinganisha na namba za kitabu cha gari lako.

Kama gari lako halina fimbo hiyo, geukia springi. Springi iliyokatwa ina safari fupi. Ukikanyaga breki kwenye matuta au rasta, ekseli inagonga raba za kuzuia, tairi inaruka, na tairi iliyo hewani inafunga mara moja.

Kuhusu kuvuta, wengi wanafungua upande gari linakoelekea. Ukikanyaga breki, gari linakwenda upande unaoshika zaidi, kwa hiyo likivuta kushoto maana yake kulia hakushiki vya kutosha, na mshukiwa wa kwanza ni mbele kulia: pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zilizokauka kwa vumbi, pistoni iliyoganda, au mpira wa kupitisha mafuta ya breki ulioziba kwa ndani. Lakini kama linavuta kushoto hata bila kukanyaga, na rimu ya kushoto inachemka, basi kushoto ndiko kunakokwama. Inua tairi hiyo kwa jeki, weka stendi, jaribu kuizungusha. Ikigoma, legeza nati ya kutolea upepo. Ikiachia hapo hapo, mpira au paipu inazuia mafuta kurudi. Isipoachia, kalipa yenyewe imekwama.

Kumbuka pia barabara zetu zimeinama kushoto ili maji yatoke, kwa hiyo pima sehemu tambarare.

Halafu pima urefu kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, gari likiwa na upepo sawa kwenye tairi. Springi zilizokatwa kwa grenda kwa kukadiria macho mara nyingi hazilingani. Kagua bushi za lowaamu (mkono wa chini unaoshika gurudumu la mbele) kwa mtaimbo, hasa bushi ya nyuma. Ikichoka, gurudumu linarudi nyuma unapokanyaga na usukani unavutwa. Alaimenti iwe ya mwisho, baada ya hayo yote.

Weka hapa vipimo vya pembe nne na picha ya chini ya ekseli, nitakuambia uanzie wapi.