Multikasti au unikasti? Maswali yenu ya TV za hoteli, waifai ya kanisani na harusi

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu kurusha video kwenye netiweki, nimechukua maswali manne. Unikasti ni kila anayeangalia kutumiwa nakala yake, multikasti ni nakala moja kugawiwa wote walioiomba.

Nina hoteli Nungwi, vyumba 60, TV zote zinachukua chaneli kwenye seva yetu kwa kebo. Fundi mmoja anasema multikasti, mwingine unikasti. Nimsikilize nani?

Wa multikasti, bosi. Piga hesabu, chaneli moja tuseme ni megabiti 6 kwa sekunde, usiku kuna Simba na Yanga, vyumba vyote 60 vimefungua hiyohiyo, kwa unikasti seva inatoa nakala 60 yani megabiti 360 za kitu kilekile, kwa multikasti inatoa moja tu ya megabiti 6 na swichi, kile kiboksi kinachounganisha kebo za netiweki, ndo inaigawa kwenye porti (matundu ya kebo) zilizoomba. Ila muulize huyo fundi kama swichi zenu zina IGMP snupingi, yani uwezo wa swichi kusikiliza TV ipi imeomba chaneli ipi, maana bila hiyo swichi haijui nani kaomba nini, inamwaga kila chaneli kila porti. Chaneli 20 ni megabiti 120, na TV nyingi porti yake ni ya megabiti 100, hapo hakuna inayoonyesha kitu. Nimeshaliona hili, taa za swichi zote zinapepesa kwa mpigo mmoja, printa ya mapokezi imegoma na mgeni kasimama na begi anasubiri risiti. Anwani za hizo chaneli tumia zinazoanza na 239, ndo zimetengwa kwa matumizi ya ndani.

Tumewasha snupingi, picha safi, afu baada ya dakika nne hivi inaganda. Tukibadili chaneli inarudi. TV mbovu?

TV nzima kabisa, msinunue nyingine! Swichi kwa mpangilio wa kawaida inaikumbuka porti iliyoomba kwa sekunde 260 tu, na TV ikishaomba hairudii yenyewe, inasubiri iulizwe "bado unaangalia?", na wa kuuliza ni ruta au swichi moja iliyopewa hiyo kazi, kila sekunde 125. Kwenu hakuna anayeuliza, kwa hiyo swichi inaona kimya, inafunga. Ingia kwenye swichi kubwa, washa IGMP kweria, ndo huyo muulizaji, kwenye VLAN ya TV, yani kipande cha netiweki kilichotengewa TV, basi. Mimi hili lilinila siku mbili nzima, nimebadili kebo, nimebadili mpaka dekoda, kumbe ni tiki moja kwenye menyu, ndo maana naliandika kwa urefu.

Kanisani kwetu Mwanza ukumbi wa pili unajaa, watu 150 na simu zao kwenye waifai. Multikasti si ndo itatuokoa?

Natamani niseme ndiyo mpendwa, ila kwenye waifai mambo yanageuka. Multikasti ya hewani kwa kawaida inarushwa kwa spidi ya chini ili hata simu iliyo mbali ipate, na simu ikikosa pakiti, yani kipande cha data ya video, hairudishiwi, picha inakuwa vimraba vimraba. Kuna vifaa vinaigeuza kuwa unikasti kwa kila simu, sasa si umerudi kwenye nakala 150 zilezile? Vuteni kebo moja mpaka ukumbi wa pili, fungeni projekta na spika, watu wote waangalie ukuta mmoja. Hata bibi asiye na simu janja ataona.

Nataka kuwarushia ndugu zangu wa Muscat harusi laivu kwa multikasti, inawezekana?

Hapana dada. Multikasti imeandikiwa kanuni tangu 1989 lakini kwenye intaneti ya kawaida haipiti kutoka kampuni moja kwenda nyingine, inaishia ndani ya netiweki ya mtu. Wewe tuma nakala moja YouTube, wao ndo wawagawie ndugu zako mmojammoja kwa unikasti kutoka kwenye seva zao. Bando lako linaliwa mara moja tu, hata wakiangalia watu 200. Na siku moja kabla jaribu palepale ukumbini saa ileile ya harusi, mtandao wa saa 4 asubuhi na wa saa 2 usiku ni vitu viwili.