Uanagenzi wa fundi mitambo mizito: chuo au gereji?

Umeuliza uanze na chuo au uingie gereji moja kwa moja. Ukipata nafasi ya uanagenzi, ishike hiyo, maana inakupa vyote viwili: kwa kawaida ni miaka 3 hadi 4, muda mwingi uko kazini chini ya fundi mzoefu, na darasani unaingia kwa vipindi.

Miezi ya mwanzo utaosha mashine, utapiga grisi, utabadilisha oili na filta. Usiidharau kazi hiyo hata kidogo. Filta uliyoitoa ikate uifungue, uikunjue karatasi yake kwenye mwanga: ukiona chembe za chuma zinazong'aa, ujue kuna kitu ndani kimeanza kulika kabla mashine haijagoma.

Haidroli, yaani mfumo wa oili yenye presha unaosukuma mkono wa mashine, ndiyo nakuomba uiheshimu kuliko vyote. Presha kwenye ekskaveta (mashine ya kuchimba) hufika hata baa 350. Tundu la ukubwa wa sindano kwenye mpira unaopitisha oili linaweza kupenyeza oili ndani ya ngozi, na hapo ni hospitali papo hapo, hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Usitafute panapovuja kwa mkono, pitisha kipande cha boksi. Na kabla ya kufungua mpira wowote, teremsha mkono wa mashine hadi chini, zima injini, toa presha iliyobaki.

Multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, nayo izoee mapema. Mashine nyingi ni za volti 24 na siku hizi zimejaa sensa (vihisi vya umeme). Nimeona mafundi hodari wa spana wakikwama hapo.