Bibi harusi amerefuka kwenye DVD: kosa liko wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina studio ndogo Mbagala, narekodi harusi na sendofu. Kamera yangu inatoa 1920 kwa 1080 na kwenye kompyuta picha iko safi. Nikishachoma DVD, kwa mteja watu wote wanakuwa warefu, wembamba, na pembeni ya TV kuna giza kushoto na kulia. Nimebadili programu mara mbili, hali ileile. Nakosea wapi?

JIBU: Pole, kaka. Mama mmoja wa Kigamboni aliwahi kunirudishia diski akaniuliza, "Mbona mwanangu amekonda hivi, alikuwa anaumwa?" Niliirudia kazi bure.

Fremu ya DVD kwa mfumo wetu wa TV, yaani PAL, ni pikseli 720 kwa 576, basi. Iwe ya TV ya chogo (4:3, yaani upana 4 kwa kimo 3) au ya skrini pana (16:9), ni hizohizo. Picha pana hubanwa ikaenea humo, kama shela linavyokunjwa kwenye begi, halafu alama ndogo ndani ya faili huiambia deki: ikunjue mpaka 16:9. Alama yako inasema 4:3, kwa hiyo deki inakunjua nusunusu na kuacha giza pembeni.

Hakikisha hivi: cheza diski hiyo kwenye kompyuta kwa programu ya VLC, bonyeza herufi A mpaka iandike 16:9. Watu wakirudia maumbo yao, picha haina kosa, ni alama tu. Nayo inakaa mahali pawili: ndani ya video ya MPEG-2 (aina ya video inayotumika kwenye DVD), na kwenye mpangilio wa diski yenyewe. Wengi huweka ya kwanza wakasahau ya pili. Kama unatengeneza diski kwa programu ya DVDStyler, chagua PAL na 16:9 tangu unapoanzisha mradi. Usiache NTSC, hiyo ni 720 kwa 480, ya Wamarekani.

Mimi hutumia ffmpeg, programu ya kuandikiwa amri, haina maneno mengi:

ffmpeg -i harusi.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 harusi.mpg

Ila amri hiyo ni kwa faili ambalo tayari ni 16:9. Siku hizi vijana wanapenda "mwonekano wa sinema", wanatoa 1920 kwa 800. Ukilipitisha hilo hapo, watu watarefuka upya. Lipunguze kwanza liwe 720 kwa 428, kisha ujaze weusi pikseli 74 juu na 74 chini, kwa kuongeza kipande hiki kwenye amri ya juu, kabla ya harusi.mpg:

-vf "scale=720:428,pad=720:576:0:74"

Kwa faili la kawaida usiongeze weusi wowote. Mteja mwenye chogo, deki yake itauweka yenyewe, mradi kwenye mipangilio ichaguliwe 4:3 LB (picha nzima, weusi juu na chini). Ikiwa 4:3 PS, itakata pembeni, na hapo ndipo mashangazi waliokaa mwisho wa meza wanapopotea.

Usichome saa nzima kujaribu. Toa dakika mbili kwenye DVD-RW (diski inayofutika), chagua kipande chenye sahani au keki ya duara iliyopigwa kutoka juu, iweke kwenye TV, simamisha picha, chukua rula upime sahani wima na mlalo. Vipimo vikilingana, choma nakala za mteja.